Kivuko cha reli na stesheni vichorwe kwenye karatasi moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe hoja moja kuhusu miji ambayo reli inapita katikati yake, na ambayo sasa imo katika mipango ya kujenga upya kivuko cha reli, yaani mahali barabara inapokatiza reli, pamoja na stesheni ili viweze kuhimili abiria na magari ya miaka ijayo. Hoja yangu ni kwamba kivuko na stesheni ni kazi moja, si kazi mbili, na kwamba mji unaozitenganisha utajikuta umezindua kitu kipya ambacho tayari kimeelemewa.

Kwa kawaida kivuko huangukia mikononi mwa idara ya barabara, stesheni ikabaki kwa shirika la reli, na kituo cha mabasi kilicho mbele ya stesheni kikawa cha halmashauri. Kila mmoja ana bajeti yake, mshauri mwelekezi wake na siku yake ya kukata utepe. Wahandisi wa barabara huhesabu magari, wa reli huhesabu treni, wa halmashauri huhesabu nafasi za mabasi kuegesha, na hapatikani mtu aliyepewa jukumu la kuhesabu kinachotokea pale vitu hivyo vitatu vinapokutana, ambapo ndipo penye tatizo lenyewe.

Tuanze na vizuizi, yaani zile fito zinazoshushwa kuifunga barabara treni inapokuja. Wengi hudhani kizuizi hushuka kwa muda ule tu ambao treni inapita. Sivyo. Mitambo huitambua treni ikiwa bado mbali, kwa sababu treni haiwezi kusimama ghafla: treni ndefu ya mizigo iliyo katika mwendo wa kasi huhitaji zaidi ya kilomita moja na nusu tangu breki zishike hadi isimame kabisa. Ndiyo maana kanuni za Marekani, kwa mfano, zinataka onyo lianze angalau sekunde 20 kabla ya treni kufika kivukoni, na mara nyingi muda huo huwa mrefu zaidi. Ongeza muda wa treni yenyewe kupita, muda wa vizuizi kuinuka, na muda wa foleni kuanza kusogea, na utaona kuwa treni moja fupi ya abiria imekwisha kula takriban dakika nzima ya barabara. Treni sita kwa saa zinavumilika. Treni 20 kwa saa, zikiwemo zile zinazotoka pande mbili na kufuatana kwa karibu kiasi kwamba vizuizi haviinuki kati ya moja na nyingine, zinaifunga barabara kuu ya mji kwa sehemu kubwa ya saa ileile ambayo watu wanakwenda kazini. Nchini Japani, serikali huviweka katika kundi la pekee vivuko vinavyofungwa kwa dakika 40 au zaidi ndani ya saa moja ya msongamano mkubwa, na Tokyo imekuwa navyo kwa wingi. Hakuna aliyekaa mezani akapanga iwe hivyo. Treni ziliongezwa mojamoja, ratiba baada ya ratiba, na kila nyongeza ilionekana ndogo.

Sasa weka stesheni jirani na kivuko hicho. Ikiwa jukwaa la abiria liko kabla ya barabara kwa upande treni inakotoka, treni itasimama mita chache tu kutoka barabarani ikiwa imekwisha kutambuliwa na mitambo, na mitambo ya kawaida isiyojua tofauti kati ya treni inayosimama na treni inayopita moja kwa moja itaendelea kuvishikilia vizuizi chini muda wote ambao abiria wanashuka na kupanda. Ikiwa jukwaa liko baada ya barabara, treni huvuka kwanza, vizuizi vikainuka nyuma yake, na abiria wakashuka kwa nafasi huku magari yanapita. Ndiyo sababu mahali pengine majukwaa ya pande mbili hayatazamani bali yamepishana, kila moja likiwa upande wa pili wa barabara kwa treni inayokuja kwake. Mpangilio huo una kasoro yake, kwa kuwa anayebadili treni hulazimika kuvuka barabara, lakini unapunguza dakika za kufungwa bila kujenga daraja hata moja. Kinachotakiwa ni mtu wa reli na mtu wa barabara kukaa meza moja kabla zege la jukwaa halijamwagwa.

Aliyewahi kupanda basi la kwenda stesheni anaujua uchungu huu kuliko mhandisi yeyote. Basi limejaa watu wanaowahi treni. Limebakiza mita hamsini kuingia kituoni, ng'ambo ya reli, mara kengele inaanza kulia, taa mbili nyekundu zinapokezana, na kizuizi kinashuka mbele ya kioo cha dereva. Waliosimama karibu na mlango wanamsihi awafungulie wakimbie. Dereva anakataa, na yuko sahihi, kwa sababu haruhusiwi kushusha abiria hapo na tena ni hatari. Treni inaingia. Kupitia madirishani abiria wa basi wanaona milango ikifunguka, watu wakishuka, watu wakipanda, milango ikifungwa. Treni inaondoka, vizuizi vinainuka, na basi linaingia kituoni likiwa limewaleta watu wa treni iliyokwisha kwenda zake. Kizuizi kilichowazuia kilishushwa na treni hiyohiyo waliyokuwa wakiikimbilia. Katika taarifa ya mwezi, treni itaandikwa kuwa iliondoka kwa wakati na basi kuwa lilichelewa dakika mbili tu, na wakubwa wa pande zote mbili wataridhika.

Kutengana huko kwa idara kumewahi kuua. Tarehe 25 Oktoba 1995, katika mji wa Fox River Grove, jimbo la Illinois, basi la shule lilivuka reli na kusimama kwenye taa nyekundu za barabara zilizokuwa mbele kidogo tu ya kivuko. Nafasi kati ya reli na taa haikutosha urefu wa basi, sehemu yake ya nyuma ikabaki juu ya njia ya treni, na treni ya abiria ikaigonga. Wanafunzi saba walikufa. Taa za barabarani na mitambo ya reli vilikuwa vimeunganishwa, lakini muda ambao kimoja kilimpa mwenzake haukutosha kulipisha basi. Waliosimamia taa hawakuwa wale waliosimamia reli. Mpango wowote wa kivuko cha katikati ya mji unapaswa kuonyesha, kwa mita, ni magari mangapi yanaweza kusimama kati ya reli na njia panda inayofuata, na ni nani atakayepigiwa simu pale muda wa taa unapobadilishwa. Ukiwa na kituo cha mabasi mlangoni mwa stesheni, mabasi marefu ndiyo yatakayosimama hapo mara nyingi zaidi.

Liko jambo jingine ambalo halisemwi sana, nalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote: kivuko ndicho kinachoamua urefu wa treni. Behewa moja la abiria lina urefu wa mita 20 hadi 26 hivi. Treni ya mabehewa manane inahitaji jukwaa la mita 200 au karibu na hapo. Stesheni nyingi za zamani za katikati ya miji zimebanwa kati ya barabara mbili, moja kila mwisho wa jukwaa, na jukwaa likirefushwa kwa behewa moja tu linaingia barabarani. Kwa hiyo abiria wanapoongezeka, shirika la reli haliwezi kurefusha treni. Linabaki na njia moja, kuongeza idadi ya treni, na kila treni inayoongezwa inashusha vizuizi mara moja zaidi. Mji unaolalamikia foleni kivukoni unalalamikia, bila kujua, ufupi wa jukwaa lake. Nimesoma mapendekezo mengi ya kupanua stesheni yenye picha nzuri za paa la kioo na miti ya kivuli, na bado si mara nyingi nimeona mchoro unaoonyesha treni ndefu zaidi inayotarajiwa ikiwa imesimama, mkia wake na kichwa chake viko wapi, na barabara ipi itakuwa imezibwa nayo.

Tukubaliane, basi, kwamba kwenye mji unaokua kweli ipo siku reli na barabara hazitaweza tena kukutana kwenye usawa mmoja. Swali linakuwa nani apande na nani ashuke, na hapa hesabu za shule zinatosha kumfanya mtu awe makini. Reli ikiwa ya umeme, daraja la barabara lazima lipite juu ya nyaya, hivyo barabara hupanda mita saba au nane ukihesabu na unene wa daraja lenyewe. Kwa mwinuko wa asilimia tano, mita nane zinataka mita 160 za kupanda upande mmoja na 160 za kushuka upande wa pili, bila kuhesabu sehemu za kulainisha mwinuko juu na chini. Katikati ya mji, hizo ni nyumba na maduka ya mtaa mzima ambayo milango yake itatazama ukuta. Barabara ikipita chini ya reli, kina kinapungua kidogo, kwa sababu lori refu linahitaji takriban mita tano tu za nafasi, lakini shimo linabaki kuwa shimo: mvua kubwa hulijaza, na pampu zake zinahitaji umeme wa akiba usiku uleule ambao umeme wa mji umekatika. Ukiinua reli yenyewe, treni haipandi kama gari. Kwa mwinuko wa asilimia moja, mita saba zinataka mita 700 kila upande, na hapo utavikuta vivuko vingine viwili au vitatu ambavyo navyo lazima viingie kwenye mradi, upende usipende.

Na waenda kwa miguu je? Hao ndio wengi kuliko wote kwenye stesheni yoyote, na ndio wanaopewa daraja la chuma lenye ngazi kisha wakatukanwa kwa kutolitumia. Daraja la watu lililo juu ya nyaya za umeme liko mita saba kutoka chini. Kwa viwango vya Marekani vya watu wenye ulemavu, njia ya kiti cha magurudumu haipaswi kupanda zaidi ya sehemu moja kwa kila sehemu kumi na mbili za urefu, na kila baada ya kupanda sentimita 76 lazima pawe na mahali bapa pa kupumzikia. Piga hesabu: mita 84 za mteremko, na pamoja na sehemu za kupumzikia inakuwa karibu mita 100, kisha karibu mita 100 nyingine za kushuka, ili kuvuka reli mbili ambazo upana wake hauzidi mita kumi na kitu. Lifti ni jibu mpaka siku inapoharibika. Ndiyo maana watu huinama na kupita chini ya kizuizi, na hasa pale treni ya kwanza inapokwisha kupita nao wakadhani njia ni nyeupe, kumbe treni ya pili inakuja kwa upande wa pili ikiwa imefichwa na mabehewa ya ile ya kwanza. Kuwaita wazembe ni rahisi. Mimi naona mchoro uliowataka wapande ghorofa mbili ili kuvuka hatua ishirini ndio uliokuwa wa kizembe.

Kwa sababu hiyo naunga mkono kanuni hii: katikati ya mji, kinachopanda au kushuka kiwe treni kwanza, gari pili, na mtu anayetembea awe wa mwisho. Ikiwa fedha haziruhusu kuiinua reli kikamilifu, ipo njia ya kati ambayo wahandisi wanaifahamu vizuri, ya kuinua reli nusu na kushusha barabara nusu. Reli ikipanda mita tatu hivi, njia ya waenda kwa miguu inaweza kupita chini yake karibu kwenye usawa wa kawaida wa mtaa, kwa kuwa mtu hahitaji mita tano za lori juu ya kichwa chake.

Huu si ushauri wa vitabuni tu. Huko San Mateo, California, kwenye reli ya abiria ya Caltrain, mradi uliokamilika mwaka 2021 uliinua reli kwenye barabara ya 25th Avenue, ukaihamisha na kuijenga upya stesheni ya Hillsdale juu ya reli hiyo iliyoinuliwa, na papo hapo ukafungua njia chini ya reli kwenye barabara za 28th na 31st, ambazo awali hazikuweza kuvuka kabisa. Angalia kilichotendeka: fedha za kivuko kimoja zilitoa stesheni mpya na barabara mbili za ziada, kwa sababu vyote vilipangwa pamoja. Treni za umeme zilipoanza kazi kwenye njia hiyo mwaka 2024, zikiwa nyingi na za kasi zaidi katika kuondoka kituoni, sehemu hiyo haikuwa na vizuizi vya kushushwa. Jirani yao Mountain View waliamua tofauti, kuifunga Castro Street kwa magari pale inapokutana na reli na kuwapa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli njia ya chini. Si kila barabara ya mji ni lazima ibaki ya magari, na jambo hilo nalo liwekwe mezani bila woga.

Melbourne, Australia, ni somo kubwa zaidi. Mwaka 2015 jimbo la Victoria lilianza mpango wa kuondoa vivuko 50 vya usawa mmoja, na idadi imekuwa ikipandishwa hadi lengo la vivuko 110 kufikia mwaka 2030. Kwenye njia ya kutoka Caulfield kwenda Dandenong reli iliinuliwa juu ya nguzo, vivuko tisa vikaondoka, na stesheni tano zikajengwa upya ndani ya mradi uleule uliokamilika mwaka 2018. Wakazi wa kandokando walipinga sana mwanzoni, wakihofia kelele na kuchunguliwa nyuani mwao kutoka madirisha ya treni, na hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Ila chini ya nguzo kulipatikana kitu ambacho tuta la udongo lisingeweza kukitoa: ardhi ya kutembea, kuendesha baiskeli na kucheza, inayounganisha mitaa iliyokuwa imekatwa na uzio wa reli kwa vizazi.

Tokyo walikwenda chini. Shirika la reli la Odakyu lilianza mwaka 1989 kazi ya kuongeza njia za reli kutoka mbili kuwa nne kwenye sehemu ya njia yake kuu, na likaimaliza mwaka 2018. Katika kazi hiyo vivuko 39 viliondolewa, na pale Shimokitazawa treni ziliingia handakini mwaka 2013, na tangu 2018 za haraka hupita ghorofa ya chini na zile za kila kituo hupita juu yake. Ardhi iliyoachwa wazi juu yao, ukanda wa kilomita 1.7 hivi, ndiyo iliyogeuzwa kuwa njia ya watu, maduka madogo na bustani. Niseme wazi kuwa karibu miaka thelathini si muda ambao diwani yeyote anapenda kuutaja jukwaani. Hata hivyo, walipochimba walichimba kwa njia nne, hawakuchimba kwa mbili kisha wakarudi.

Nasisitiza hilo kwa sababu ya Stuttgart, Ujerumani. Hapo, stesheni kuu ya zamani ina njia 16 za treni kuingilia na kurudi zilikotoka, na mradi ulioanza kujengwa mwaka 2010 unaibadilisha kuwa stesheni ya chini ya ardhi yenye njia nane ambazo treni zitapita moja kwa moja. Stesheni ya kupitiliza hufanya kazi zaidi kwa kila njia kuliko ile ya kugeuzia, hilo ni kweli na halipingiki. Lakini ubishi kama njia nane zitatosha umeuandama mradi huo miaka yote, gharama zimepanda kutoka euro bilioni 4.5 za makubaliano ya 2009 hadi zaidi ya bilioni 11, na ufunguzi uliotarajiwa 2019 umeahirishwa tena na tena. Ukuta wa handaki haupanuliwi. Antwerp, nchini Ubelgiji, walifanya kwa tahadhari zaidi: walibaki na njia za kugeuzia, wakazigawa katika ghorofa mbili, wakachimba za kupitiliza chini kabisa, na tangu mwaka 2007 stesheni ya kale iliyojengwa 1905 inafanya kazi zote mbili. Waliongeza juu ya walichokuwa nacho badala ya kukibadilisha na kingine.

Kwetu Afrika Mashariki mifano ipo. Nairobi, reli ya SGR iliyofunguliwa mwaka 2017 iliwekewa stesheni yake Syokimau, nje ya katikati ya jiji, na abiria akapewa treni nyingine ya kumfikisha stesheni ya zamani. Dar es Salaam, reli ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 ililetwa hadi mjini, ikipitishwa juu ya madaraja kwa zaidi ya kilomita mbili ili isikutane na barabara. Ya kwanza iliepuka tatizo la vivuko vya mjini kwa kukaa mbali na mji, na bei ya uamuzi huo inalipwa na kila abiria kwa muda wake, kila safari. Ya pili ililipa mwanzoni. Mimi ningechagua kulipa mwanzoni.

Nirudi kwenye ardhi, Ndugu Mhariri, kwa kuwa ndiyo inayopotea wakati tukibishana juu ya madaraja. Reli haiwezi kufungwa miaka mitatu ili ijengwe upya. Lazima treni ziendelee kupita, na ili zipite inabidi ijengwe njia ya muda pembeni, kisha kazi ya kudumu ifanyike mahali pa zamani. Njia hiyo ya muda inahitaji ukanda wa ardhi, na ukanda huohuo, kazi ikiisha, ndiyo nafasi ya njia ya tatu na ya nne, ambako treni ya haraka itaipita ile inayosimama kila kituo. Sasa tazama kinachotokea: mara tu mji unapotangaza kwamba stesheni itaboreshwa, viwanja vya kando ya hifadhi ya reli vinapanda thamani, vibali vya majengo marefu vinaombwa, na ghorofa la kwanza linasimama kwenye mstari ambao njia ya nne ingepita. Sipingi majengo hayo. Watu wengi kuishi na kufanya kazi karibu na stesheni ndiyo faida yenyewe ya reli, na Hong Kong imeonyesha kwa miongo mingi kwamba majengo ya juu ya stesheni yanaweza kusaidia kulipia reli. Ninachopinga ni kutoa kibali kabla ya kuchora mstari. Viongozi huogopa kulipa fidia leo kwa njia itakayojengwa baada ya miaka kumi na tano, wakihofia kelele za wenye viwanja na maswali ya wakaguzi. Mchelea mwana kulia hulia yeye: fidia ya kiwanja kitupu haiwezi kulingana na fidia ya jengo la ghorofa kumi lenye wapangaji ndani.

Wakati tukisubiri fedha kubwa, yapo mambo ya fedha ndogo. Taa za barabarani ziunganishwe na mitambo ya kivuko na muda wake upimwe upya kila ratiba ya treni inapobadilika. Kizuizi kiwekwe pia kwenye njia ya waenda kwa miguu, kikiwa na ishara inayotangaza treni ya pili. Mabasi yapangiwe upande uleule wa reli wanakotoka abiria wengi, ili machache tu yalazimike kuvuka. Mitambo ifundishwe kutofautisha treni inayosimama na ile inayopitiliza. Haya yote hayatatosha mji unaokua, lakini hayapotezi hata mita moja ya ardhi ya mradi ujao.

Ninachoziomba mamlaka zinazoandaa mipango ya namna hii ni vitu viwili ambavyo mwananchi wa kawaida anaweza kuvisoma bila kuwa mhandisi. Kwanza, watangaze dakika ambazo kivuko kinafungwa sasa katika saa ya asubuhi yenye msongamano, na dakika ambazo kitafungwa kwa idadi ya treni ambayo shirika la reli lenyewe linaitarajia. Tarakimu hizo mbili zitamaliza nusu ya ubishi. Pili, mchoro utakaobandikwa ukutani kwenye mkutano wa hadhara uwe mmoja, wenye barabara, vizuizi, nafasi za mabasi, njia ya kiti cha magurudumu tangu mwanzo hadi mwisho, treni ndefu zaidi ikiwa imesimama jukwaani, na mstari wa njia ya nne hata kama itajengwa na watoto wetu. Ukiletwa mchoro wa stesheni peke yake, wahudhuriaji waulize barabara iko wapi, na mkutano usiendelee mpaka uletwe.

Wako katika ujenzi wa miji,
Msomaji wako